Jibu la Mlango wa Tatu

JUMATATU, BAADA YA ALASIRI

Jilali alichora mlango kwa chaki ubavuni mwa friji bovu.

Chumba cha nyuma cha karakana yake, Inezgane, kando ya Agadir. Mafriji yamepangwa hadi darini, mengine hayana milango, mengine yametolewa matumbo. Joto. Hakuna chai wala sigara, ni Ramadhani. Watu wanne wenye midomo mikavu na hasira za karibu.

"Hapa ukuta. Hapa jukwaa la kupakilia. Hapa mlango wa tatu," alisema. "Nyuma ya mlango wa tatu kuna pweza. Katoni juu ya katoni, wamegandishwa kama mawe. Msimu umefungwa, mashua zimelala, Wahispania wanatafuta pweza kwa tochi. Mnunuzi anatungoja njia ya Tiznit. Tukifika na gari limejaa, sisi watu."

"Na likifika tupu?" aliuliza Turia.

Turia ndiye dereva. Miaka kumi na zaidi aliendesha malori ya samaki kutoka Dakhla hadi Agadir, mpaka kampuni ikamtupa nje kwa kumjibu mwenye mali. Kujibu hajaacha.

"Halitafika tupu, dada."

"Nauliza tu."

"Uliza vya maana."

Mdogo wake Turia, Bushaib, alicheka peke yake. Huyo ni mtu wa mwili mkubwa na moyo wa mtoto, kibarua wa kiwanda hichohicho cha samaki wanachotaka kukiibia. Kazi ngumu ilikuwa yake.

"Mlango ule haufunguki kwa mkono," Jilali aliendelea. "Unaagizwa kwa mtandao. Ukifunguka unakaa wazi kidogo tu, kisha unajifunga. Mtu wa nje hawezi kupakia kitu. Kwa hiyo lazima mtu awe ndani. Bushaib, zamu ya mchana ikitoka, wewe hutoki. Unajibanza. Unapanga katoni kwenye toroli, unazisogeza mlangoni. Adhana ya magharibi inalia, walinzi wanakimbilia supu yao ya harira, mlango unafunguka, unasukuma, Turia anapokea, tunapotea. Mji mzima unakula. Barabarani hakuna hata paka."

"Na kishikio cha ndani?" Turia hakumwacha. "Vyumba vya barafu vyote vina kishikio cha ndani. Mtu akifungiwa kwa bahati mbaya, anatoka."

"Kilivunjika tangu msimu wa baridi," Bushaib akasema. "Wamefunga waya. Meneja anasema kipuri kinatoka ng'ambo."

"Kwa hiyo usipofunguliwa..."

"Nitafunguliwa." Akamwonyesha kijana wa pembeni kwa kidevu. "Kishikio changu ni huyu hapa."

Kijana wa pembeni ni Zuhair. Fundi simu aliyejifunza kompyuta kwa kuharibu za watu. Hakuinua kichwa. Alikuwa anagombana na mashine tangu Jumamosi.

Seva ya kiwanda ilipokea amri kwa mtindo mmoja tu, ule wanaouita JSON. Mabano mawili yenye kiuno. Ndani yake, jina la kitu na thamani yake, mkato, jina jingine na thamani yake, kama masanduku yenye vibandiko. Mlango: tatu. Tendo: fungua. Saa: fulani. Unatuma. Seva inasoma. Inarudisha jibu, juu lina namba, chini lina maneno. Na lazima uambatanishe ufunguo. Si wa chuma. Mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ambao Jilali aliupata kwa karani mmoja wa mle ndani.

Siku mbili nzima seva ilimrudishia namba ileile. Mia nne na kumi na tano.

"Inasema nini?" Jilali alikuwa akiuliza.

"Inasema haipokei nilichotuma."

"Umetuma nini?"

"Kile inachotaka!"

"Basi mbona haikitaki?"

Zuhair alipiga meza. Alisoma mabano, akahesabu mikato, akafuta, akaandika upya. Alitukana kimoyomoyo, maana alikuwa amefunga. Mwisho akaona. Barua ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa bahasha. Hakuandika juu yake kwamba ndani kuna JSON. Mstari mmoja. Siku mbili za maisha yake. Akauongeza, akaiuliza seva hali ya mlango.

Mia mbili.

"Mia mbili ni nini?"

"Ni sawa, mzee. Imepokea, imeelewa."

"Basi nataka hiyo tu kwenye kioo. Mia mbili kubwa, ya kijani. Mengine ondoa."

"Chini kuna maneno. Ni vizuri kuyaona."

"Siku ya kazi nani atakaa kusoma hadithi? Namba, kijana. Nitolee takataka."

Zuhair aliyatoa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kuagizwa apunguze kitu aliona kama zawadi.

"Jambo la mwisho," Jilali alisema, akifuta mlango wa chaki kwa kiganja. "Alhamisi, adhana, kwa saa mpya. Nisimwone mtu ananiletea saa ya zamani."

Ramadhani ikiingia, serikali ya kule hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Mwezi wa Idi ukiandama, inazisogeza mbele tena. Kila mwaka watu huchelewa mazishi, hukosa mabasi, hugombana na wake zao.

"Mama mkwe wangu ana saa ya zamani jikoni," alisema Bushaib. "Anasema jua halikupokea tangazo."

"Hata ya gari langu bado ya zamani," Turia akasema. "Sijui hata inabadilishwa wapi."

"Zuhair, umesikia?"

"Ndiyo, ndiyo," alijibu Zuhair, macho kwenye kioo.

ALHAMISI, KABLA YA ZAMU KUINGIA

Turia alimvisha mdogo wake koti la baba yao, sufu nzito ya mlimani. Juu yake koti la kiwanda. Akamtia tende mfukoni.

"Ukisikia adhana, ule."

"Nitaisikiaje mle ndani?"

"Mlango ukifunguka, hiyo ndiyo adhana yako."

Jilali alikuwa ameegemea lori. "Mwizi anayefunga," alisema. "Malaika watakosa pa kuandika."

"Wizi ni kazi, saumu ni saumu," Bushaib akajibu. "Mungu ananijua."

Turia akamgeukia Jilali, sauti chini. "Koti hilo linampa muda gani?"

"Saa moja. Na kidogo."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo atakuwa ndani ya gari lako anakunywa supu. Niamini. Mimi ni fundi mafriji."

KABLA TU YA ADHANA

Lori lilisimama nyuma ya kiwanda, mtaa wa Anza, upande wa jukwaa. Harufu ya unga wa samaki ilikuwa nzito kiasi cha kutafunwa. Wa mwisho mwisho walipita mbio na mikate kwapani, pikipiki zikilia kama zinakufa. Kisha kimya. Kimya kile cha saa ile tu, mji mzima umekaa mbele ya bakuli, mkono juu ya tende.

Zuhair alikuwa katikati ya kiti cha mbele, kompyuta mapajani. Aliinunua sokoni, imetumika. Aliifungia milango yote. Haikuruhusiwa kuongea na chochote duniani isipokuwa seva ile moja, ili asiache nyayo. Alijivunia hilo.

Kutoka ndani ya ukuta ukasikika mlio wa chuma kikigongwa. Mara tatu. Bushaib yuko tayari. Alishakaa mle karibu saa nzima.

"Mwanaume," alisema Jilali.

Turia alikuwa ameshika usukani kama unataka kukimbia.

ADHANA

King'ora cha mji kilianza, adhana ikafuata, kisha nyingine, kisha zote. Kule langoni mzee wa ulinzi, Ba Mbark, alifunua sufuria. Mwenzake alikwishakaa.

"Tuma."

Zuhair alibonyeza. Programu ikajaza masanduku yenyewe: mlango, tendo, saa. Ikatuma.

Mia mbili. Kubwa. Kijani.

"Mia mbili?"

"Mia mbili."

Jilali alishuka, akapanda jukwaani, akasimama mbele ya mlango wa tatu kama bwana harusi.

Mlango haukufunguka.

Alingoja. Akaugonga kwa kiganja. Akarudi garini.

"Nini?"

"Imekubali. Umeona mwenyewe."

"Nimeona namba. Sijaona mlango."

"Labda inachelewa."

"Tuma tena."

Alituma tena. Mia nne na tisa. Nyekundu.

"Hiyo nini?"

"Imekataa."

"Imekataa nini? Sasa hivi si imekubali?"

"Sijui! Maneno yako chini, na maneno nimeyatoa! Si ulisema nitoe takataka!"

"Basi yarudishe!"

"Nayarudisha! Usinipumulie!"

Ndani ya ukuta, chuma kiligonga. Mara tatu. Kama swali.

HARIRA BADO YA MOTO

Vidole vya Zuhair vilikuwa vikimkosea. Aliandika mstari, programu ikagoma. Bano halikufungwa. Akalifunga. Ikagoma tena. Alifunga lisilo lenyewe. Turia alikuwa akimwangalia vile mtu anavyomwangalia daktari anayetafuta miwani yake.

"Zuhair, mwanangu. Polepole. Lakini haraka."

Alituma. Mia nne na tisa, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, maneno.

Akasoma kwa sauti. "Imekataliwa. Mlango wa tatu tayari una amri inayongoja. Itatekelezwa saa moja na dakika arobaini jioni. Kuifuta, taja namba ya amri."

"Saa moja na dakika arobaini?" Turia akatoa simu. Ilikuwa ndiyo kwanza inakaribia saa moja kasoro robo. "Hiyo ni saa nzima kutoka adhana. Nani kaiambia hivyo?"

Zuhair aliangalia pembe ya kioo. Saa ya kompyuta ilikuwa mbele ya simu ya Turia kwa saa moja kamili. Aliikataza isiongee na dunia, basi dunia haikuiambia kwamba Ramadhani imeingia. Ilikuwa bado inaishi mwezi wa Shaabani. Ikaandika saa yake kwenye sanduku, na seva ikaona amri ya baadaye. Ikaipokea kwa adabu. Mia mbili. Imeelewa vizuri sana.

"Saa ya zamani," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

Jilali alimpiga kofi la kisogo. "Nilisema nini? Nilisema nini Jumatatu?"

"Ifute hiyo amri," Turia akasema.

"Inataka namba yake."

"Ipe namba yake!"

"Namba ilikuja kwenye jibu la kwanza. Kwenye maneno." Zuhair alifumba macho. "Yale tuliyoyatupa."

Ukutani, mlio mmoja. Kisha, baada ya muda mrefu, mwingine.

HARIRA INAPOA

"Amekaa mle saa nzima," alisema Turia. "Kabeba mizigo, katoka jasho, jasho linaganda. Saa nyingine moja. Wewe fundi mafriji, niambie. Mtu mwenye njaa, mle ndani, saa mbili. Niambie."

Jilali alikuwa akiangalia langoni. "Walinzi watamaliza kula. Wakizunguka huku, tumekwisha. Tunaondoka. Mlango utafunguka wenyewe, atatoka, atajificha. Tutamfuata kesho."

"Atatoka nini? Kama katoni?"

"Washa gari, Turia."

Turia alichomoa ufunguo, akafungua mlango, akaurusha juu ya ukuta wa jirani, kule kwenye milima ya unga wa samaki. Haukusikika hata ulipoanguka.

"Kautafute," alisema, na akaenda langoni mbio, kanzu yake kaishika mkononi.

Jilali alitukana mambo ambayo saumu yake, ikiwa ilikuwepo, haikuyastahimili. Akamgeukia Zuhair.

"Vunja hiyo kompyuta. Tunatoka kwa miguu."

Zuhair hakusikia. Alikuwa anatuma. Chochote. Alijaribu neno "toa". Alijaribu kwa hasira tu, kama mtu anavyotikisa kitasa anachojua kimefungwa. Seva ilirudisha mia nne. Ila sasa maneno yalikuwepo, na safari hii hakuishia mstari wa kwanza. Alisoma yote, mpaka chini kabisa.

Tendo halijulikani. Yanayokubalika: fungua, funga, joto, moto.

Na mstari wa mwisho. Mwenye ufunguo: Zuhair Buazza, mwana wa Lhusain.

Alisoma tena. Halafu akapandisha jibu la mia nne na tisa. Mstari wa mwisho, jina lilelile. Bila shaka lilikuwepo Jumatatu pia, chini ya mia mbili ya kwanza.

"Mzee," alisema. "Jina langu linafanya nini hapa?"

"Jina gani?"

"Langu. Na la baba yangu."

Jilali alijipangusa uso. "Karani alisema ufunguo hautoki bila jina la mtu. Nikamtajia jina."

"Langu."

"Ulitaka nimtajie langu?"

"Ndiyo maana ulitaka namba tu."

"Sikiliza." Jilali alishusha sauti, ikawa karibu nzuri. "Sasa wewe una sababu ya kukimbia kuliko mimi. Mlango haukufunguka, kitu hakikuibwa. Vunja mashine, njoo nikupeleke kwa watu wangu kule kusini. Sitakuacha."

"Na Bushaib?"

"Bushaib alijua kazi."

Kutoka langoni, sauti ya Turia ilipasua ule utulivu wa kula. "Mdogo wangu yuko ndani ya friji lenu! Fungueni!" Na sauti ya mzee Ba Mbark, imechanganyikiwa, mdomo bado una chakula: "Binti yangu, mimi sina cha kufungulia! Mwenye kufungua ni meneja, yuko mjini, simu hapokei, anafuturu!"

Zuhair alisikiliza ukuta. Alihesabu pumzi zake akingoja mlio. Haukuja.

Aliandika bano. Tendo: moto.

Jilali aliona neno. Hakuwa msomaji sana, lakini hilo alilijua, na alijua mafriji. Moto ukitangazwa, milango yote ya jengo hufunguka, na simu hujipiga zenyewe kila mahali.

Kisu kilitoka kwenye soksi. "Toa mkono."

"Ngoja."

"Toa mkono, Zuhair!"

Hakutoa. Kisu kilipita juu ya vidole vya kulia, damu ikamwagika kwenye vitufe. Akaisukuma mashine tumboni, akamgeuzia Jilali mgongo, akabonyeza kwa mkono wa kushoto.

Mia nne. Ujumbe hausomeki. Mkato haupo, mstari wa pili.

Alilia. Kweli alilia, kwa hasira, kama mtoto aliyenyang'anywa. Kisu kilimgusa begani, kikazama kidogo. Akaupata mkato kwa kidole kilichojaa damu. Akatuma.

Mia mbili.

Hakufurahi. Hakuiamini. Akashusha macho.

"Imetekelezwa," alisoma kwa nguvu, kana kwamba Jilali alikuwa ameomba asomewe. "Milango yote wazi. Zimamoto wamearifiwa. Polisi wamearifiwa. Mwenye ufunguo..."

King'ora cha kiwanda kikalimeza jina.

HARIRA IMEPOA

Mlango wa tatu ulikwenda pembeni taratibu, ukimwaga ukungu mweupe jukwaani. Mbele kabisa zilisimama toroli, katoni zimepangwa vizuri, kazi safi. Nyuma ya toroli, sakafuni, koti la sufu.

Turia alifika wa kwanza. Ba Mbark wa pili, na bakuli bado mkononi, maana hakukumbuka kuliweka. Walimvuta Bushaib kwa makwapa hadi nje. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Fimbo ya chuma ilikuwa imeganda kwenye glavu yake, na haikutaka kumwacha.

Turia alimpiga mashavu. Akampiga tena. "Bushaib! We! Amka, usinifanyie ujinga!"

Midomo ilicheza.

"Anasema nini?" aliuliza Ba Mbark.

Turia aliinama, sikio mdomoni. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Anauliza kama adhana tayari."

"Tayari, mwanangu, tayari zamani," alisema mzee, akapiga magoti na kumtia kijiko cha harira mdomoni, polepole, kama anayelisha ndege.

Jilali alikuwa amekimbia. Aliifuata barabara kuu kuelekea stendi, akishikilia ubavu. Siku nyingine yoyote, jioni nyingine yoyote, angepotea kwenye watu. Lakini mji ulikuwa mezani. Kilomita nzima ya lami na mtu mmoja tu juu yake, anakimbia. Gari la polisi lililokuja kwa ajili ya moto halikuwa na shaka lianzie kwa nani.

La pili liliingia kiwandani. Sajenti alishuka akipangusa masharubu, amekasirika, futari yake kaiacha nusu. Hakuona moto. Aliona lori bila ufunguo, mwanamke akimsugua mtu mwenye barafu kichwani, pweza kwenye toroli, na kijana amekaa kwenye ngazi ya lori, mkono mmoja umefungwa kwa shati, kompyuta yenye damu mapajani.

"Nani katangaza moto hapa?"

Turia alimwangalia Zuhair. Akatikisa kichwa taratibu: usiseme.

"Nimeuliza, nani katuma?"

Zuhair aliigeuza mashine, kioo kikamwelekea sajenti. Sajenti akainama, akaona ile namba kubwa ya kijani, akakunja uso.

"Mia mbili? Mia mbili ndiyo nini?"

"Si hiyo, afande," alisema Zuhair. "Soma mpaka chini."